Mzee Hakukohoa

Subilaga alikuwa ameshavuka nusu ya ramani ya Bibi Tusajigwe. Juu ya kioo cha meza yake kumbukumbu za bibi huyo zilitandaa kama mizizi iliyooshwa udongo, na zile ambazo mashine ilipendekeza zilazwe zilikuwa za manjano. Kazi yake ilikuwa kuzipitia moja baada ya nyingine na kuamua. Njia ya kwenda posta ya zamani, iliyobomolewa: ilale. Bei za sukari za enzi ya noti ambazo siku hizi huonekana makumbusho tu: zilale. Majina ya ng'ombe wa baba yake: hapo alisita, kalamu ikabaki hewani, kisha akayatia alama ya kijani. Yabaki. Bibi Tusajigwe alikuwa anajifunza kupiga fidla na mwezi ule alihitaji nafasi, lakini si nafasi ya ng'ombe wa baba yake.

Watu wa Chuo cha Lukangasi waliita kazi hiyo kupogoa. Chuo kilikuwa katikati ya mashamba ya chai, na kila mtu pale alijua kwamba mchai usiopogolewa hurefuka bure bila kutoa majani mapya. Wazee waliohamia Kijiji cha Rika, nyuma ya maktaba, walikuja kwa sharti moja: wasome. Nyumba, chakula na matibabu vilikuwa juu ya chuo maadamu mzee anasonga mbele katika somo lake. Aliyesimama mwaka mzima alirudishwa kwao. Usiku walilala na utepe laini kwenye paji la uso, nao uliyarudia masomo ya mchana ndani ya usingizi mpaka yakashika. Tatizo ni kwamba kichwa cha mzee ni shamba lililojaa. Ili kipya kiote, cha zamani kisichotembelewa hulazwa.

Fimbo iligonga sakafu ya koridoni. Subilaga aliitambua, akasimama, akasubiri kikohozi.

Tangu aolewe, baba mkwe wake alikohoa kabla ya kila kona. Alikohoa nje ya duka, alikohoa kwenye kijia cha maktaba, na Subilaga akisikia aliingia mlango wa karibu, au aligeukia ukuta na kuvuta kanga usoni mpaka mzee apite. Mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, hawatajani majina. Mijini desturi hiyo ilikuwa imelegea, lakini katika ukoo ule ilishikwa, na hawa wawili waliishika kuliko wote. Hata Lwitiko, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, alipofukiwa na maporomoko kwenye barabara aliyokuwa akiipima, walimwomboleza katika nyumba moja, kila mtu upande wake wa ukuta, wakipeana habari kupitia watu. Kikohozi kile ndicho kilichokuwa mazungumzo yao yote, na Subilaga hakuwahi kukiona kidogo.

Asubuhi hiyo mzee hakukohoa. Alisukuma mlango, akaingia.

"Habari za kazi, binti," alisema. "Utepe wangu umelegea kishikizo. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa hapa."

Subilaga aligeuka ukutani haraka hata kalamu ikaanguka. Alivuta kanga usoni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusikia sauti ile ikielekezwa kwake, na mara ya kwanza ilikuwa ya uchangamfu, sauti ya mtu anayezungumza na karani asiyemfahamu.

Mzee alisubiri. Kisha, kwa upole, akauliza kama ni jino linauma. Alisema mti fulani uliokuwa ukiota karibu na soko ulifaa sana kwa jino, ila amesahau jina lake. Aliuweka utepe mezani, akasema kesho anatetea tasnifu yake ya chemchemi, na kama jino litakuwa limetulia, binti aje asikilize. Viti vya mbele vitakuwa vitupu kwa sababu wazee wenzake wote hupenda kukaa karibu na mlango wa msalani. Akacheka peke yake, akatoka. Fimbo ilikwenda ikififia.

Nkwabi, mpogoaji mwenzake, alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo na kikombe mkononi. Alikuwa Msukuma, na siku zote alimtania kwamba kwao mkwe huchinjiwa ng'ombe ilhali watu wa milima hii humkimbia kama nyuki. Safari hii hakutania.

"Amekusemesha," alisema.

"Fungua ramani yake," Subilaga akajibu, bado amegeukia ukuta.

*

Hakuwahi kuiona. Mzee alipokuja kijijini, Subilaga alikwenda moja kwa moja kwa Nkwabi na kumwomba aichukue ramani hiyo yeye, kwa kuwa mkamwana asiyeruhusiwa kutazama uso wa baba mkwe hawezi kutazama ndani ya kichwa chake. Nkwabi alikubali. Aliipogoa kwa uangalifu, kama alivyopogoa nyingine zote.

Sasa walikaa bega kwa bega mbele ya kioo. Ilikuwa ramani nzuri. Tawi la elimu ya maji lilikuwa limenenepa ajabu kwa mtu wa umri ule, mtu aliyetumia maisha yake kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo na aliyeanza kusoma habari za miamba akiwa na mvi. Subilaga alilifuata tawi hilo kuelekea chini, kidole kikisogea polepole, mpaka lilipoota. Chini yake palikuwa na njia iliyolazwa. Ilikuwa pana kama barabara, na haikuwa na jina.

Majina ya njia hutoka kwa wenyewe. Mzee akifika kijijini hukaa siku kadhaa na kofia ya kupimia, akisimulia maisha yake, na mashine huandika pembeni ya kila njia maneno aliyoyasema alipoipita. Njia asiyoisimulia hubaki bila jina. Kanuni inasema njia isiyo na jina isilazwe kabla ndugu hajaulizwa.

"Nilikuuliza," Nkwabi alisema kwa sauti ya chini. "Wakati wa masika. Nilikwambia mzee wako ana njia nene, haina jina, haipiti mtu. Ulikuwa unasuka nywele za mtoto wa jirani pale nje. Ukasema mambo ya mzee nisikuonyeshe, nifanye linalofaa."

Subilaga alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba alijisikia vizuri baada ya kusema hivyo, kama mtu aliyetimiza wajibu.

Aliendelea kutazama. Ukingoni mwa njia ile pana palikuwa na kijia chembamba kilichochipuka kutoka kwake, nacho, kilichobaki macho tangu masika, kilikuwa kimeifuata kulala juzi tu. Hakuhitaji kuambiwa. Mwana na mke wa mwana. Mzee hakumtaja Lwitiko tangu mazishi. Kwao jina la mwana aliyetangulia baba halitupwi hovyo hewani. Na mkamwana naye mzee hakumtaja wala kumtazama tangu arusi. Aliwatunza wote wawili kwa kutowakaribia. Mashine hupima nyayo. Haina njia ya kujua kama mtu hapiti mahali kwa sababu amepasahau au kwa sababu anapaheshimu.

"Inaweza kuamshwa?"

"Mpaka jioni. Ramani za wanaotetea kesho zinafungwa ikilia kengele ya jioni. Ikishafungwa, ni basi." Nkwabi aliweka kikombe chini. "Lakini angalia kilichoota juu yake. Hiyo ni sura ya tatu ya tasnifu, chemchemi za miteremko ya chai. Ukiamsha ya chini, ya juu inanyauka. Kesho atasimama mbele ya jopo hana sura ya tatu. Atashindwa, na akishindwa atatoka kwenye ile nyumba."

Subilaga alisema hilo ameliona.

Nkwabi alitaka aone na jingine. Alimweleza taratibu, bila kumsukuma. Mzee alipofika alikuwa haamki kitandani siku nyingine. Alikula kwa kulazimishwa. Alimeza dawa za usingizi na bado alikutwa barazani kabla ya mapambazuko, ameketi tu. Tangu masika dawa zimeachwa, amenenepa, na hata anawafundisha wenzake kucheza bao vibaya. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, alisema Nkwabi, lakini imekuwa. Na kumuuliza kama anataka kurudishiwa haiwezekani, maana kumuuliza ni kumwambia.

"Basi nenda wewe ukaseme naye," Subilaga alisema. "Mimi desturi hainiruhusu."

"Mimi ndiye niliyemlaza huyo kijana. Nikienda nitakuwa najitetea." Akamgeukia. "Nikuulize kitu, dada, usikasirike. Unataka arudishiwe kwa ajili yake, au kwa sababu umechoka kumkumbuka peke yako?"

Nje, wanafunzi vijana na wazee walipita pamoja kuelekea bwalo, wakibishana kuhusu mtihani. Subilaga aliwasikiliza mpaka wakaishia.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana sijagusa kitu."

*

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza alipofika nyumba ya mwisho ya Kijiji cha Rika. Alisimama barazani, mgongo kwenye mlango uliokuwa wazi, uso kwenye mashamba. Njiani aliamua hivi: kusema hakuna budi, kwa hiyo ataivunja desturi kwa mdomo; lakini hataivunja kwa macho. Kifuani, ndani ya kanga, alikuwa ameshika utepe uliotengenezwa na kidude cha kuongozea ramani.

Alibisha hodi. Mzee alimkaribisha, akashangaa kwamba haingii, akauliza habari za jino.

"Limetulia. Nimekuletea utepe. Na nina shauri, Hakimu."

Alimsikia akicheka kwa furaha, akisogeza kiti. Alisema amestaafu, lakini hakimu ni kama mganga, hata akistaafu watu humfuata na matumbo yao. Aseme.

Subilaga alieleza alivyopanga. Kuna mtu alikuwa na kitu kizito chumbani mwake. Hakukigusa, hakukisogeza, alikipita pembeni kila siku. Wasafishaji wakaja, wakadhani hakitumiki, wakakitoa. Sasa mtu huyo anatembea vizuri chumbani na wala hajui kwamba kitu hakipo. Je, aambiwe?

Mzee alianza kuuliza, kwa mpangilio, kama mtu anayepanga kuni. Kitu kilikuwa chake? Kilikuwa chake. Aliwahi kuomba kitolewe? Hakuwahi. Kilimdhuru?

"Kilimuumiza sana."

"Na alikilinda?"

"Sana."

"Hapo pagumu," mzee alisema. "Mtu hakilindi kinachomuumiza bila sababu. Ila sababu hiyo anaijua yeye, na hayupo mbele yangu. Siwezi kuamua."

Upepo uligeuka na mvua ikaingia barazani. Mzee alimwambia aingie, ataumwa kweli sasa. Subilaga alijikunyata, lakini utepe ulikuwa unalowa na haukutakiwa kulowa. Aliingia kinyumenyume, akageuka ubavu, akapita na kusimama pembeni kabisa, uso kwenye ukuta, kanga imefunika hadi machoni.

Mvua ililia juu ya bati. 

"Asubuhi nilidhani ni jino," mzee alisema hatimaye.

Subilaga aliivuta kanga zaidi.

"Mimi ni mtu wa milima hii. Nimeamua kesi nyingi za wakwe. Hakuna anayegeuka namna hiyo kwa sababu ya jino, wala kwa hofu. Mwenye hofu hutazama mlango." Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini ilikwenda hatua kwa hatua. "Mwanamke hugeukia ukuta mbele ya mtu mmoja tu. Baba wa mumewe."

Kidude mkononi mwa Subilaga kilikuwa kimepata joto.

"Mimi nina binti, yuko Tanga. Binti haleti mkamwana." Kiti kililia. "Basi nilikuwa na mwana."

Subilaga hakuwa amemwambia. Alikuwa amejiandaa kwa kila namna ya kumwambia na ya kutomwambia, na mgongo wake umesema. 

"Yu hai?"

"Hapana."

"Na mimi," mzee alisema, "nimekuwa nalala vizuri."

Alilisema bila kulalamika, kama mtu anayesoma ushahidi. Subilaga akamweleza yote waziwazi, yale ya upande mmoja na yale ya upande wa pili. Alimweleza njia iliyolala na namna ilivyolazwa, na kwamba yeye mwenyewe aliulizwa akakataa kutazama. Alimweleza sura ya tatu, jopo la kesho, na nyumba hii. Alimweleza siku ambazo hakuamka kitandani. Alisema akitaka ilale, itafungwa jioni hii na usingizi wake utabaki. Atajua kwamba alikuwa na mwana, kama mtu ajuavyo jambo la kusoma, ila hatakuwa naye. Na yeye Subilaga hatakuja tena kumsumbua.

"Kuna mwingine anayemkumbuka?"

"Dada yake. Kwa mbali. Wao walikulia shule tofauti."

"Na kwa karibu?"

"Mimi."

"Peke yako."

"Ndiyo, Baba."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalizuia. Mkamwana hamwiti hivyo baba mkwe wake ana kwa ana. Hakuna aliyelisahihisha.

Mzee alinyanyuka. Fimbo ilikwenda mpaka dirishani, ikasimama, ikarudi. Alisema hajui kama ana nguvu. Alisema amependa sana zile chemchemi. Hakutarajia katika uzee kupenda kitu namna ile, na anaposema hivyo asidhaniwe ni mtu mgumu. Alisema labda kesho atajutia, na kama atajuta, binti asijione ana hatia.

"Lakini sijawahi kumhukumu mtu ambaye hakuitwa," alisema. "Mwite."

Kisha Subilaga alisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Mzee alikuwa anakigeuza. Alikigeuza mpaka kikaelekea ukuta wa pili, akaketi, na sasa migongo yao ilitazamana, chumba kizima katikati yao.

Halafu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha zamani. Hicho alikuwa bado hana. Kilikuwa cha mtu anayejua adabu inavyotaka na anaitimiza, kwa uangalifu, kwa mgeni. Subilaga aliinamisha kichwa hadi kikagusa ukuta.

*

Alitelezesha utepe sakafuni kwa nyuma, naye mzee akauvuta kwa fimbo na kujivisha. Kengele ya jioni ililia upande wa maktaba wakati Subilaga anaweka zuio kwenye ramani ili isifungwe. Mahali pa kuandika sababu aliandika: mwenyewe ameomba. Kwenye kioo kidogo cha kidude njia pana ilibaki ya manjano, wazi.

Njia haiamshwi kwa mara moja. Mashine hushikilia mlango tu. Kuna mtu lazima atangulie, anayepajua, na aanze na vitu vidogo. Ukianza na jina, au na siku ya kifo, njia hukunjamana na haifunguki tena. Alimweleza mzee hivyo. Alimwambia kila tunda la sura ya tatu litakalodondoka atalisikia kama neno lililokuwa ulimini likapotea, na asilifukuzie.

"Koti la mvua," Subilaga aliuambia ukuta. "La kijani. Lilikuwa kubwa kwake, na mfuko mmoja ulichanika."

Mvua ilikuwa imepungua, maji yakidondoka kutoka ukingo wa bati.

"Alitia misumari mfukoni, ikatoboa," aliendelea. "Ukamkanya."

"Chemchemi ya tatu ile," mzee alisema ghafla, "ile ya chini ya..." Akaacha. Alikuwa ameipoteza. Alipumua. Kwenye kioo uzi mwembamba wa kijani ulitokea mwanzoni mwa njia, ukatetemeka, ukasimama.

"Misumari ya nini?" Subilaga aliuliza polepole.

"Ya..." Fimbo iligonga sakafu mara moja, taratibu. "Ya banda la sungura. Mfuko wa kushoto. Nilimkanya, akahamishia wa kulia, na ule nao ukatoboka."

Hilo Subilaga hakulijua. Lwitiko hakuwahi kumsimulia habari za mfuko wa pili. Alilisikia likiingia chumbani kama mtu anayeingia bila kubisha, na alilazimika kusubiri kabla ya kutazama tena kioo. Uzi wa kijani ulikuwa umesogea mbele kidogo. Njia iliyobaki ilikuwa ndefu, ya manjano hadi mwisho.

Aliposikia mzee anapumua vibaya, alimwambia washike hapo. Mzee alisema bado uso hauoni. Anaona koti na mikono tu, mikono ya mtoto. Subilaga alisema mikono inatosha kwa siku ya kwanza.

Mzee alivua utepe na kuuweka juu ya kiti. Alisema asubuhi atakwenda kuliambia jopo kwamba sura ya tatu inamtoka, waamue wanavyoona. Kama watampa mwaka mwingine, ataanza upya na chemchemi moja. Kama hawatampa, anajua barabara ya kwao.

Subilaga alitoka akiambaa ukuta hadi barazani. Chai ililala kijani mteremko mzima, imelowa. Kwa nyuma yake alisikia mzee akijisemea kwa sauti ya chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, asije akaupoteza mfuko ule usiku.

Utepe aliuacha palepale kwenye kiti. Ramani aliiacha wazi. Kesho, mzee akitoka kwenye jopo, wangeanza na viatu.